Siku Mbili Darjeeling, Mji wa Chai na Mawingu

Akina mama wengi wa Afrika Mashariki hulijua jina la Darjeeling kwa kuliona kwenye makasha ya chai dukani, basi. Wachache wanajua kwamba ni mji, tena mji wa watu wachangamfu, uliojengwa juu ya mgongo wa mlima kaskazini kabisa ya jimbo la West Bengal nchini India. Hapo ndipo vilima vinapoanza kupanda kuelekea milima mikubwa ya Himalaya. Kaskazini yake iko Sikkim, magharibi iko Nepal, na Bhutan nayo haiko mbali.

Sisi tulifika huko mwanzoni mwa Novemba, na wala hatukuwa tumepanga kutalii. Tulikuwa wanne: wauguzi wawili, Mama Mchungaji, na Mwalimu wetu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tukuyu. Tulikuwa tumemaliza mkutano wa wahudumu wa afya wa kujitolea mjini Kolkata, na safari yetu ilikuwa ya kwenda mashariki ya Nepal kutazama kazi ya zahanati moja ya kijijini. Wenyeji wetu wakatuarifu kwamba gari lao lingetuchukua Siliguri siku ya tatu. Badala ya kungoja kwenye joto na vumbi la Siliguri, tukaamua kupanda mlimani. Wahenga walisema, tembea uone. Haya basi ndiyo tuliyoyaona, na kama ilivyo kawaida ya safari, tuliyoyaona njiani yalikuwa na uzito kuliko tuliyoyafuata.

Safari ya kupanda

Kutoka Kolkata tulichukua treni ya usiku katika stesheni ya Sealdah, na asubuhi tukashukia New Jalpaiguri, pembeni ya mji wa Siliguri. Hapo hakuna mlima bado. Ni nchi tambarare yenye mashamba, iliyo kama meta 120 tu juu ya usawa wa bahari. Magari ya kupanda Darjeeling ni jeep za kugawana, nazo zina tabia ileile ya daladala zetu: haliondoki gari mpaka lijae, na likijaa bado kuna nafasi ya mmoja.

Safari huchukua zaidi ya saa tatu. Mwanzo ni msitu, kisha barabara inaanza kujikunja kama nyoka, na kila kona unaliona bonde ulilotoka likizidi kuwa dogo. Baada ya mji wa Kurseong tuliingia ndani ya mawingu yenyewe. Masikio yakaziba, tukawa tunamung'unya peremende ili yazibuke. Kufikia kijiji cha Ghum tulikuwa tumepanda hadi meta 2,258, kisha barabara ikateremka kidogo kuingia Darjeeling, mji ulio zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Baridi yake ni ile ya Njombe mwezi wa Julai. Mama Mchungaji, ambaye ana shinikizo la damu, tulimkataza kubeba chochote, tukamwambia atembee polepole na apumzike kila baada ya ngazi kumi. Urefu huo si wa kumdhuru mtu mwenye afya, lakini mji mzima ni ngazi na miinuko, na moyo wa mtu wa pwani huona tofauti.

Watu wa huku wengi wao wana asili ya Nepal, na lugha yao ni Kinepali. Wapo pia Walepcha, ambao ni wenyeji wa kale wa vilima hivi, na Watibeti. Jambo lililotufurahisha tangu saa ya kwanza ni namna wanavyoitana. Mwanamke aliyekuzidi umri humwiti kwa jina, unamwita "didi", yaani dada mkubwa, na mdogo wako ni "bahini". Muuza mboga ni didi, mwenye hoteli ni didi, na sisi tukawa didi mara moja. Kwa mtu aliyelelewa kuitana dada na shangazi, ugeni uliisha hapo hapo.

Mji uliojengwa kwa ajili ya wagonjwa

Kama wauguzi, historia ya mji huu ilitugusa. Mwaka 1835 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipewa ardhi hii na mfalme wa Sikkim. Shabaha ilikuwa kupata mahali pa baridi pa kuwapumzisha askari na maofisa waliokuwa wakiugua katika joto la tambarare. Daktari mmoja, Arthur Campbell, aliletwa mwaka 1839 kuusimamia, na mwaka 1841 akapanda mbegu za chai kwenye bustani yake kwa majaribio. Kwa hiyo chai hii maarufu ilianzia katika bustani ya daktari.

Siku hizo hakuna aliyejua kwa nini watu waliokaa mlimani walipata nafuu ya homa. Walidhani ni hewa. Mpaka mwaka 1897, Ronald Ross alipokuwa akifanya kazi hukohuko India, ndipo alipoonyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Kabla ya hapo njia ya kuja Darjeeling yenyewe ilikuwa hatari, kwa maana ilipita katika misitu ya chini iitwayo Terai, palipojaa mbu. Charlotte Canning, mke wa mtawala mkuu wa Kiingereza wa India na mchoraji hodari wa maua, alikuja huku kutazama mandhari mwaka 1861. Wakati wa kurudi alipata malaria katika Terai, akafariki Kolkata Novemba mwaka huohuo. Sisi tuliotoka katika nchi ambako malaria bado inaua watoto tulisimama kidogo tulipokumbushana habari hiyo. Cheo hakikumkinga, na chandarua kingemfaa kuliko gari la farasi.

Kanisa la Mtakatifu Andrea, karibu na uwanja wa Chowrasta, lilianza kujengwa mwaka 1843 na likajengwa upya mwaka 1873. Ni jengo la rangi ya manjano lenye mnara wa saa, na hapo mbele yake ndipo wazee huota jua asubuhi. Chowrasta yenyewe ni kitovu cha mji. Magari hayaruhusiwi, watoto hupanda farasi wadogo, na akina mama wanauza soksi na kofia za sufu walizofuma wenyewe. Mama Mchungaji alinunua kofia tatu kabla hatujapata hata chumba.

Usidhani lakini kwamba mji wote ni uwanja wa kupumzikia. Darjeeling ina shida kubwa ya maji. Maji yake hutoka katika mabwawa mawili ya Senchal, moja la mwaka 1910 na jingine la mwaka 1932, yaliyochimbwa wakati wakazi walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta watu zaidi ya 100,000. Mvua za huku ni kubwa kuliko za Bukoba, lakini maji yote huteremka bondeni. Hotelini kwetu tulipewa ndoo mbili za maji ya moto kwa watu wanne, na alfajiri tuliwaona akina mama na wasichana wamepanga madumu kwenye bomba. Picha hiyo hatukuhitaji kufafanuliwa. Na mvua hiyohiyo huua: mwezi wa Oktoba 2025 maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 20 katika wilaya hii.

Alfajiri juu ya Tiger Hill

Kila mgeni huambiwa aende Tiger Hill kuona jua likichomoza. Ni kilima cha karibu meta 2,590, kama kilometa 11 kutoka mjini. Tuliamshwa saa tisa na nusu usiku, na saa kumi tukawa ndani ya jeep, tumejifunga vitenge juu ya makoti. Tulikuta magari mengi na watu mamia. Akina mama wa vijiji vya jirani walikuwa wakipita na chupa za chai na kahawa ya moto, kikombe kwa kikombe, wakicheka na wageni waliokuwa wakitetemeka.

Kukaanza kupambazuka upande wa mashariki, lakini watu wote walikuwa wameelekea kaskazini. Kwanza tuliona kama wingu jeupe lililosimama juu mno, mahali ambapo jicho halitegemei kuona ardhi. Kisha ncha ya wingu hilo ikawa nyekundu, halafu rangi ya dhahabu ikateremka polepole, na ndipo tukatambua kwamba halikuwa wingu. Ulikuwa mlima wa Kangchenjunga, wenye meta 8,586, wa tatu kwa urefu duniani. Sisi tunaojivunia Kilimanjaro yetu ya meta 5,895 tulinyamaza. Kwa mbali sana upande wa kushoto, kijana aliyetuendesha alituonyesha kijincha kidogo, akasema ndiyo Everest. Kidogo kwa kuwa iko mbali, maana katika uchomozo ule Kangchenjunga ilikuwa ndiyo mfalme. Na kweli hadi katikati ya karne ya 19 ilidhaniwa kuwa ndiyo ndefu kuliko yote.

Watu wa Sikkim huuhesabu mlima huo kuwa mtakatifu. Mwaka 1955, Waingereza wawili, Joe Brown na George Band, walipoupanda kwa mara ya kwanza, walisimama hatua chache kabla ya kilele, kwa kuwa walikuwa wameahidi kutokikanyaga. Wengi waliokuja nyuma yao wamefuata desturi hiyo. Tuliizungumza habari hii njia nzima ya kurudi. Kutumia nguvu zote, kufika, halafu kujizuia kwa heshima ya watu wengine, hilo ni jambo ambalo tungependa watoto wetu walisikie.

Garimoshi dogo

Baada ya chai ya asubuhi tulipanda garimoshi maarufu la Darjeeling. Reli hii ilijengwa kati ya mwaka 1879 na 1881, ina urefu wa karibu kilometa 88 kutoka New Jalpaiguri, na upana wake ni sentimeta 61 tu. Reli ya Kati yetu ya zamani, ambayo wengine huiona nyembamba, ina meta moja kamili. Mwaka 1999 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Safari nzima kutoka chini huchukua zaidi ya saa saba, kwa hiyo sisi tulipanda ile ya matembezi tu, kutoka Darjeeling hadi Ghum na kurudi, karibu saa mbili. Kichwa cha treni ni cha mvuke, cha makaa ya mawe, na vichwa vingine vya reli hii vimepita umri wa miaka 100. Hupita katikati ya maduka, karibu kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukachukua chungwa mezani. Mama mmoja alikuwa ameanika nguo zake kando ya reli; treni ilipokaribia akazikusanya bila haraka, ikapita, akazianika tena.

Mahali pengine mlima ulikuwa mkali mno kwa reli kupanda. Wajenzi wakatumia ujanja: treni huenda mbele, kisha hurudi kinyumenyume kwenye njia nyingine iliyo juu zaidi, kisha huenda mbele tena, kama mtu anayepanda kilima kwa kukata kona. Watu wa huku husimulia kwamba mjenzi mmoja alikuwa amekata tamaa, na mkewe ndiye aliyemwambia kwamba kama hawezi kwenda mbele basi arudi nyuma kidogo. Huenda ni hadithi tu, lakini akina mama wote ndani ya behewa letu waliipenda. Huko Batasia reli hujizungusha duara zima ili kupunguza mwinuko, na katikati ya duara iko bustani yenye kumbukumbu ya askari wa Kigurkha waliokufa vitani.

Mchana tulitembelea Chuo cha Wapanda Milima, kilichoanzishwa mwaka 1954, mwaka mmoja baada ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary kufika kilele cha Everest. Tenzing aliishi Darjeeling na akawa mkuu wa mafunzo chuoni hapo. Lisilojulikana sana ni kwamba mwaka 1959 binti zake wawili walijiunga na msafara wa wanawake watupu wa kupanda mlima Cho Oyu. Pembeni ya chuo iko bustani ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1958, wanakozalishwa chui wa theluji na panda wekundu. Panda mwekundu ni mnyama mwenye ukubwa wa paka mnene na mkia wa milia. Hulala juu ya tawi kama mtoto aliyeshiba.

Mikono ya wachuma chai

Siku ya pili tulimwomba kijana wa gari atupeleke mahali tunapoweza kuona chai ikichumwa. Alisimama kando ya barabara, palipokuwa na shamba moja lililoteremka bondeni kama ukuta. Wanawake kama ishirini walikuwa kazini. Msimu ulikuwa wa vuli, mavuno ya mwisho ya mwaka. Ya kwanza na yenye bei kuliko yote huchumwa Machi na Aprili, ya pili Mei na Juni, kisha ya mvua, kisha haya.

Kila mmoja alikuwa na kikapu mgongoni, kimeshikiliwa na mkanda uliopita utosini karibu na paji la uso. Mkanda huo wanauita namlo. Wasomaji wetu wa Kenya watakumbuka akina nyanya wa Kikuyu waliobeba kuni vivyo hivyo. Uzito wote huenda shingoni, na wale wazee tuliwaona hata bila kikapu wakitembea wameinama mbele.

Mwalimu wetu hakungoja kukaribishwa. Alishuka kwenye mstari, akasalimia kwa kukutanisha viganja, akaanza kuchuma. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono miwili kwa pamoja. Wanawake wakaacha kazi kumtazama. Mmoja, mama wa miaka kama hamsini, akapiga kelele ya furaha na kuuliza, kwa tafsiri ya kijana wetu, didi huyu mweusi amejifunzia wapi? Mwalimu akajibu kwamba mama yake mzazi alichuma chai Tukuyu kwa miaka kumi na tisa, na yeye mwenyewe alichuma kila likizo ya shule. Yule mama akamshika mkono, akaugeuza, akauweka kando ya wake. Sisi wauguzi tuliitazama mikono hiyo. Wa Mwalimu ulikuwa umeshalainika kwa miaka ya chaki. Wa yule mama ulikuwa umepasuka vidoleni, na utomvu wa chai umeingia ndani ya mipasuko kama wino, usiotoka kwa sabuni.

Tulikaa naye wakati wa mapumziko, akatupa mahindi ya kuchoma, nasi tukampa biskuti. Alisema mshahara ni wa siku. Mwaka 2023 serikali ya jimbo iliuweka kuwa rupia 250 kwa siku. Mjini tulikuwa tumeona kilo moja ya chai ya machipukizi ya kwanza ikiuzwa kwa zaidi ya mshahara wa wiki mbili. Mwaka 2017, vilima hivi vilipogoma siku 104 kudai jimbo lao wenyewe, sehemu kubwa ya mavuno ya pili ilibaki mitini na wao wakakaa bila kipato. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa mshahara. Kilikuwa nyumba.

Nyumba anayoishi, alikozaliwa mumewe na baba yake mumewe, ni ya shamba. Familia hukaa humo maadamu mmoja wao yumo katika orodha ya wafanyakazi. Mama anapostaafu, binti au mkwe huchukua nafasi yake. Suala la kuwapa watu hawa hati za ardhi limebishaniwa miaka mingi. Naye ana binti mmoja tu, tena binti huyo yuko mwaka wa pili wa uuguzi huko Siliguri. Akimaliza masomo hatarudi kushika kikapu. Asiporudi, mama huyu atakapostaafu, nyumba iko mashakani. Binti mwenyewe, alisema, amekwisha kumwambia kwamba yuko tayari kuacha shule.

Kisha akatuuliza sisi wauguzi, je, kazi hii yenu inaweza kujenga nyumba?

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulijua mishahara yetu, na tulijua pia ni nyumba ngapi katika vijiji vyetu zimejengwa na binti aliyevaa sare nyeupe, tofali kwa tofali, kwa miaka kumi. Tukamwambia hivyo, pamoja na ile miaka kumi. Hatukutaka kumpa tumaini lisilo na hesabu.

Aliyeongea zaidi ni Mwalimu. Alisimulia kwamba kaka yake ndiye aliyebaki Tukuyu kuchuma chai ili yeye aende chuo cha ualimu. Yule mama akauliza, na kaka yako yuko wapi? Mwalimu akasema, alifariki mwaka 2011, nami nimesomesha wanawe watatu. Kijana wetu alipomaliza kutafsiri, yule mama alikaa kimya akilivunja hindi lake punje kwa punje. Kisha akasema neno moja ambalo kijana alilitafsiri hivi: basi kikapu hakikupotea. Msimamizi akapiga filimbi, akajifunga namlo, akarudi mstarini. Mwalimu aliendelea kuchuma kando yake mpaka mwisho wa safu, na majani yake akayatia katika kikapu cha yule mama.

Kiwandani

Alasiri tuliteremka katika shamba la Happy Valley, lililoanzishwa mwaka 1854 chini kidogo ya mji, ambako wageni huonyeshwa kiwanda. Majani hutandazwa kwenye vyano virefu na kupulizwa hewa mpaka yalegee. Kisha husokotwa na mashine, huachwa yageuke rangi, na mwisho hukaushwa kwa moto. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Tofauti na ya kwetu, ambayo nyingi hukatwakatwa ikawa punje ndogo za kukolea upesi, hii hubaki jani zima lililosokotwa. Darjeeling yote, mashamba yake 87 kwa pamoja, kwa miaka ya karibuni haifikishi kilo milioni 8 kwa mwaka, ilhali Kenya peke yake ilivuna zaidi ya milioni 500 mwaka 2023. Udogo huo ndio sehemu ya sababu ya bei yake.

Tulipewa kuonja. Hawachemshi majani pamoja na maji wala hawatii maziwa. Humimina maji ya moto juu ya majani, hungoja dakika tatu, huchuja. Rangi yake ni ya asali nyepesi na harufu kama ya maua. Mama Mchungaji, mpenzi wa chai ya maziwa yenye tangawizi, alionja kwa adabu na kusema ni chai nzuri sana ya mgonjwa.

Mwanamke mmoja ndani ya treni

Kabla ya kuondoka tulipita mbele ya shule ya Loreto, iliyoanzishwa na masista mwaka 1846. Mwaka 1929 aliletwa Darjeeling binti wa miaka 18 kutoka Skopje kuanza unovisi katika shirika hilo, na mwaka 1931 akaweka nadhiri zake za kwanza hapahapa. Dunia ilikuja kumjua kama Mama Teresa. Kisha alifundisha shule Kolkata miaka mingi. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa ndani ya treni kuja Darjeeling kwa mafungo ya mwaka, alisikia moyoni kwamba imempasa kutoka na kuishi kati ya maskini.

Sisi tulivutiwa na mambo mawili. Kwanza, alikuwa na umri wa miaka 36, mwalimu aliyekwisha kuzoea kazi yake. Pili, alipopata ruhusa ya kutoka mwaka 1948, hakukimbilia mitaani na moyo mwema peke yake. Alikwenda kwanza Patna, kwa masista wa utabibu, akajifunza misingi ya uuguzi. Ndipo akarudi Kolkata, na shirika lake likaanzishwa rasmi mwaka 1950. Alifariki mwaka 1997. Tunalisema hili kwa ajili ya akina mama wanaojitolea makanisani: huruma yataka ujuzi, na hakuna umri wa kuona aibu kukaa tena darasani.

Kwa anayetaka kwenda

1. Miezi mizuri ya kuona milima ni Oktoba, Novemba, na kisha Machi na Aprili. Juni hadi Septemba ni mvua kubwa, na barabara hukatika.

2. Viza ya India iwe ya kuingia mara nyingi kama utavuka kwenda Nepal na kurudi. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa India huwadai wasafiri wanaotoka baadhi ya nchi zetu.

3. Beba sweta nzito, soksi na viatu vya kushika chini. Wenye shinikizo la damu na wenye pumu wachukue dawa za kutosha safari nzima, katika mkoba wa mkononi.

4. Kunywa maji yaliyochemshwa, na utumie kwa uangalifu ndoo unayopewa. Kumbuka kuna mama aliyeipangia foleni.

5. Jaribu momo, maandazi madogo ya mvuke yenye nyama au mboga ndani, na thukpa, supu ya tambi. Pilipili yake huwekwa pembeni, kwa hiyo usiogope.

6. Bustani ya wanyama na Chuo cha Wapanda Milima hufungwa siku ya Alhamisi. Kituo cha kujisaidia cha wakimbizi wa Kitibeti, kilichoanzishwa mwaka 1959, huuza mazulia na vitu vya sufu vilivyofumwa na wakimbizi na watoto wao.

7. Ukinunua chai, nunua robo kilo tu ya majani mazima, uihifadhi katika mkebe unaofunga vizuri, mbali na viungo vya pilau.

Siku ya tatu alfajiri tuliteremka Siliguri, na gari la Nepal lilikuwa limekwisha kufika. Mwalimu alikuwa na pakiti mbili za chai mfukoni mwa koti. Moja, alisema, ni ya kunywa. Nyingine ni ya wale watoto watatu wa kaka yake, ambao mmoja wao sasa ni bwana shamba wa chai huko Rungwe, waione na kuinusa, wajue kwamba mahali pengine duniani kuna watu wanaojua vizuri kazi aliyoifanya baba yao.